Lori Likigoma Baada ya Kutengenezwa Nyumbani

Mara nyingi kurasa hizi hueleza habari za mikarafuu. Safari hii twataka kuzungumza juu ya lori, kwa sababu karafuu mbichi haingoji: ikilala katika lundo huchacha, na rangi yake nzuri haipatikani tena hata ikianikwa.

Mwenzetu mmoja alibadilisha mwenyewe gasketi ya silinda hedi ya lori lake la dizeli, chini ya mwembe, kwa kuepuka gharama. Lori likaenda vizuri kidogo, kisha likachemka mlimani. Akaongeza maji, akarudi nyumbani. Asubuhi stata iligonga mara moja, injini ikagoma. Akaita vijana wakalisukuma mteremkoni, naye akatia gia. Ukasikika mshindo mmoja tu.

Tulipoitwa, kwanza tulifungua nyaya za betri, asije mtu akajaribu tena.

Yafaa ijulikane kwamba pistoni huweza kubana hewa, lakini maji hayabaniki. Yakiwa ndani ya silinda, nguvu ya kusukuma huweza kupinda konrodi. Kwa hiyo injini iliyogoma baada ya kuchemka isipigwe stata wala isisukumwe. (Twasema hivi tukijua kwamba kila mmoja wetu amewahi kusukuma gari.) Toeni nozeli zote, kisha izungusheni injini polepole kwa spana. Kama mna maji, yatatoka matunduni. Wekeni nyuso mbali.

Kisha tazameni oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Povu jeupe kidogo chini ya kifuniko si ushahidi wa kutosha. Lori la safari fupi fupi hufanya hivyo siku za mvua. Ushahidi ulio bora ni huu: injini ikiisha kulala usiku kucha, legezeni kidogo bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, basi mara nyingi hukaa chini na kutoka kwanza. Mwageni oili yote, kateni filta, mkunjue karatasi yake juani. Vikimeta vipande vya chuma, yaelekea beringi za krenki zimeanza kulika, na gasketi mpya haitaziponya.

Hedi ikifunguliwa, gasketi ya zamani isitupwe. Palipoungua ndipo palipovuja. Chunguzeni na matundu ya bolti: yakibaki na maji au oili, bolti huonekana imekaza, kumbe hedi haikubanwa. Wengine huanza kukaza pembeni; desturi ni kuanza katikati kwenda nje, kwa awamu mbili tatu, kwa spana yenye kipimo, kama kitabu cha gari kisemavyo. Ubapa wa hedi nao upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka.

Gasketi ya mwenzetu ilikuwa imewekwa juu chini. Matundu mawili ya maji yalizibwa, ndiyo maana lori likachemka, gasketi ikaungua na maji yakaingia silinda ya tatu usiku ule. Hedi ilisuguliwa ikafaa. Konrodi ya silinda hiyo ilikuwa imepinda, nayo ndiyo iliyokula fedha nyingi. Kwa siku nane karafuu zake zilichukuliwa na gari la jirani, akilipa kila safari.