Nikifumbua macho wanja hauonekani

*Shangazi, nina miaka 24, naishi Chumbi, mwezi ujao naolewa. Ngozi ya juu ya macho yangu imeshuka, imefunika kope. Binamu yangu wa Mbagala ndiye atakayenipamba. Aliponijaribu alinichora mkia mnene: nikifumba macho unapendeza, nikifumbua unapotea, na baada ya muda wanja ukahamia chini ya nyusi. Mama mdogo anasema nipake wanja wa manga, eti ndio unaofungua macho. Nifanyeje?*
*Bi Harusi, Chumbi*

Hongera mwanangu. Macho yako hayana kasoro. Ni umbo tu, na huku Pwani macho ya kulegea yamesifiwa tangu zamani. Shida ni kwamba binamu anakuchora umefumba, ilhali wageni watakuona umefumbua.

Akukalishe penye mwanga wa dirisha, utazame mbele bila kunyanyua nyusi. Jicho likiwa wazi, aweke nukta ndogo upande wa nje, mkunjo wa ngozi unapoishia. Mkia upite hapo. Kisha ufumbe, avute mstari mwembamba kwenye shina la kope, kuanzia katikati ya jicho hadi kwenye nukta ile. Ukifumba, mkia utaonekana umevunjika kidogo kwenye mkunjo. Asiurekebishe, maana ukifumbua unanyooka. Mstari mnene unameza kile kisehemu kidogo cha kope kinachoonekana.

Rangi ya kahawia isiyong'aa ipakwe juu kidogo ya mkunjo, isambazwe kwa ncha ya kidole. Ukingo wa ndani wa kope ya chini msiutie wanja mweusi, unapunguza jicho. Kope za bandia nzima nzima zitakulemea. Akitaka, abandike chache za pembeni.

Joto la huko mnalijua. Afute mafuta kwenye kope kwa tishu, apake poda kidogo, atumie wanja usioyeyuka kwa maji, nawe utazame chini mpaka ukauke. Mjaribu tena siku chache kabla ya harusi, utoke nao juani.

Sasa wanja wa manga, na hapa nakusihi. Wanja huo wa jadi wa jiwe mara nyingi ni madini yenye risasi, na risasi ni sumu. Ikiingia mwilini hukaa miaka mingi, na mama mjamzito humpitishia mtoto tumboni, ikamdhuru ubongo. Kwa macho huwezi kuutambua wenye sumu. Mwambie mama mdogo kwa heshima kwamba umeshapata wanja mwingine, uliofungwa vizuri, wenye alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na Mungu akikujaalia mtoto, huo wa jiwe usimpake hata kwenye nyusi.

Wapambe wako nao kila mmoja awe na wanja wake. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na mikoani, tuliona unavyopita haraka kutoka mkono hadi jicho. Kalamu moja ya wanja ikizungushwa kwa wasichana sita ni njia nyingine nyepesi ya kuusambaza.

Usiku usilale na wanja. Futa kwa pamba yenye mafuta ya nazi, macho yamefumbwa, kisha unawe kwa maji safi. Asubuhi jicho likiwasha, likiwa jekundu au likiona ukungu, usiongeze wanja kulificha. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.