Dondoo muhimu: Cherehani ya miguu kwa anayeanza

Usikimbilie kitenge. Chomoa uzi, weka sindano kuukuu, kisha kanyaga juu ya karatasi ya daftari ukifuata mistari mpaka miguu izoee. Kila unapoanza, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Likirudi kinyume, uzi hukatika.

Uzi ukivurugika chini ya kitambaa, wengi hulaumu bobini. Mara nyingi kosa liko juu: chomoa uzi wote, utunge upya huku mguu wa kukandamizia kitambaa ukiwa umeinuliwa, na uache ncha ndefu nyuma. Usivute kitambaa, utapinda sindano; meno ya chini hukisukuma yenyewe. Sindano namba 14 yafaa pamba ya kawaida, 16 jinzi. Na tafadhali, mafuta yawe ya cherehani, si ya kupikia!