USIACHE MBACHAO: SOMO KUTOKA SHEREHE ZA MAVUNO ZA WAITALIA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kabla sijaanza somo lenyewe ningependa kuungama jambo moja. Muhula wa kwanza mwaka huu nilikuwa nikila chakula changu cha mchana nimejificha nyuma ya maabara. Sikuwa nimekiiba. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na mamangu hunifungia nduma mbili tatu zilizochemshwa, maana ndizo tunazopanda kando ya mto huko nyumbani. Siku ya kwanza nilipozifungua darasani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Eti nduma! Kwani wewe ni nyanya wa nani?" mmoja akauliza. Tangu siku hiyo nikaona heri jua la nyuma ya maabara.

Basi mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alipotugawia vijikaratasi ili kila mmoja achunguze mila za mavuno za nchi ya kigeni, mimi niliokota kilichoandikwa "Italia". Nilinung'unika. Italia niliijua kwa kandanda na pitsa tu. Lakini wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nilisoma vitabu vya maktaba, kisha nikamwendea padre mmoja mzee wa parokia yetu, Mwitalia aliyezaliwa katika milima ya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa nchi ile. Kuwako kwake huku kwetu kusikushangaze. Shirika la wamisionari wa Consolata lilianzishwa mjini Torino, huko huko Piemonte, mwaka wa 1901, na mwaka uliofuata mapadre wake wa kwanza wakafika Tuthu, Murang'a. Niliyoyapata ndiyo haya.

Majira yenyewe

Italia iko mbali kaskazini mwa ikweta, kwa hivyo mwaka wake una majira manne. Majira ninayoyazungumzia huanza tarehe 22 au 23 Septemba na kwisha karibu na tarehe 21 Desemba. Wakati sisi tunangoja mvua za vuli, kule majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika. Baridi inabisha hodi. Mkulima ana wiki chache tu za kukusanya kila kitu kabla ya theluji kuanguka milimani: zabibu, maboga, uyoga, kastanya, na mwishowe zeituni za kukamua mafuta. Ndiyo sababu sherehe nyingi za vyakula huangukia miezi hii.

Maana ya sagra

Sherehe ya namna hiyo huitwa sagra. Neno hili lina asili ya Kilatini na linahusu kitu kitakatifu. Hapo kale sagra ilikuwa sikukuu ya kukumbuka siku kanisa la kijiji lilipowekwa wakfu, au sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Watu wakitoka misa walikula pamoja mazao ya msimu. Siku hizi sagra nyingi ni za chakula kimoja tu. Kijiji hiki kina sagra ya uyoga, kile cha jirani kina ya maboga. Meza ndefu hupangwa uwanjani, wanakijiji wenyewe hupika, na mgeni hununua sahani yake akaketi bega kwa bega na watu asiowajua.

Sherehe za zabibu zina sifa sana. Katika mji wa Marino, karibu na Roma, kumekuwa na sagra ya zabibu tangu mwaka wa 1925. Hufanyika mwanzoni mwa Oktoba. Watu waliovalia mavazi ya kale huandamana kukumbuka kurejea kwa Marcantonio Colonna kutoka vita vya baharini vya Lepanto vya mwaka wa 1571. Halafu, wee! chemchemi ya mji hutoa divai badala ya maji. (Walimu wetu wasiwe na hofu, mimi naeleza tu.) Huko Impruneta, karibu na Firenze, sherehe yao ilianza mwaka wa 1926, na mitaa minne hushindana kwa magari makubwa yaliyopambwa.

Kuna pia mji wa Alba, Piemonte, wenye maonyesho ya uyoga mweupe unaoota chini ya ardhi karibu na mizizi ya miti. Mtu hawezi kuuona, kwa hivyo mbwa hufunzwa kuunusa. Uyoga huo ni wa bei ghali ajabu, na kipande kidogo tu hukunwa juu ya chakula cha moto.

Kastanya, mti wa mkate

Sasa nije kwa kile kilichonigusa zaidi. Si chakula cha matajiri hata kidogo.

Kastanya ni mbegu ya rangi ya hudhurungi, kubwa kuliko harage, ambayo hukua ndani ya ganda lenye miiba kama nungunungu. Mti wake hustawi milimani, mahali ambapo ngano haifanyi vizuri. Kwa karne nyingi watu wa milima ya Italia waliuita mti wa mkate, kwa kuwa ndio uliowalisha kipindi chote cha baridi.

Kazi yake si mchezo. Mwezi wa Oktoba familia nzima huinama kuokota. Sehemu ya mavuno huchomwa katika kikaango chenye matundu na kuliwa ingali moto. Nyingine hupelekwa katika kijumba cha mawe chenye dari ya fito. Kastanya hutandazwa juu ya dari, na chini yake huwashwa moto mdogo unaofuka moshi usiku na mchana kwa mwezi mmoja au zaidi. Zikishakauka hupigwa zitoke maganda, kisha husagwa. Unga huo hudumu miezi mingi. Ama kweli akiba haiozi.

Unga wa kastanya hupikwa namna nyingi. Husongwa kama ugali. Toscana huoka chapati nyembamba ziitwazo necci kati ya vyuma viwili vya moto. Kuna pia castagnaccio, keki isiyotiwa sukari wala hamira: unga, maji, mafuta ya zeituni, zabibu kavu, mbegu za msonobari na majani ya rozimari. Utamu wote ni wa kastanya yenyewe.

Padre alinieleza kwamba utotoni mwake kastanya zilizochemshwa katika maziwa ndizo zilikuwa chajio, leo, kesho na kesho kutwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, unga wa ngano ulipoadimika mijini, watu wa milimani waliponea hapo. Vita vilipokwisha vijana waliteremka mijini kufanya kazi viwandani, na miti mingi ikaachwa bila mtunzaji. "Dadangu alipata kazi Torino," alisema. "Hakuwaambia wenzake hata siku moja kwamba kwetu tulikula kastanya. Kilikuwa chakula cha maskini. Leo mjukuu wake hulipa pesa nyingi kununua unga ule ule."

Niliposikia hayo nilinyamaza. Nilikuwa nimemfikiria dada huyo akijificha mahali fulani nyuma ya kiwanda.

Miti yenyewe pia imepata taabu. Kuvu la kukausha magome lilionekana karibu na Genova mwaka wa 1938. Mwaka wa 2002 nyigu mdogo mwenye asili ya Uchina aligunduliwa katika wilaya ya Cuneo, Piemonte. Yeye hutaga mayai ndani ya vichipukizi, navyo huvimba na mavuno yakapungua sana. Kuanzia mwaka wa 2005 wataalamu waliachilia nyigu mwingine anayeangamiza viluwiluwi vya yule wa kwanza, na baada ya miaka kadhaa miti ikaanza kupata nafuu. Dawa ya moto ni moto!

Leo mji mdogo wa Marradi, katika milima ya Toscana, hufanya sagra ya kastanya Jumapili za Oktoba. Watu hupanda treni kutoka mjini kwenda kula kile ambacho mababu zao walikionea haya.

Siku ya Mtakatifu Martino

Msimu hufikia kilele chake tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martino, askari aliyekata joho lake vipande viwili akampa maskini nusu. Divai mpya huonjwa na kastanya huchomwa. Venezia watoto hupita wakigonga masufuria na kuomba peremende, na waokaji hutengeneza biskuti yenye umbo la mtu aliyepanda farasi.

Lakini siku hiyo ilikuwa na upande wa machungu pia. Wakulima wengi hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu, na katika sehemu nyingi mapatano yalikwisha siku ya Mtakatifu Martino. Tajiri asipokutaka tena ulipakia vyombo, kuku na watoto kwenye mkokoteni ukaenda kutafuta shamba lingine. Mpaka leo, kaskazini mwa Italia, "kufanya San Martino" ni kuhama nyumba. Mapatano mapya ya namna hiyo yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 1964.

Funzo

Nilidhani nitaandika juu ya watu wanaojua kula raha. Kumbe sherehe hizi zimejengwa juu ya njaa, moshi na mikokoteni. Anayechoma kastanya leo anakumbuka nani alimwokoa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nilipomaliza kuandika nilimpelekea padre nduma tatu. Alizila na chai ya rangi, akafumba macho, akasema, "Mwanangu, hizi ni kastanya zenu." Muhula huu sijaenda nyuma ya maabara. Nafungua nduma zangu pale pale kwenye dawati, na yule aliyeuliza mimi ni nyanya wa nani (anajijua) juzi aliomba kipande. Nilimpa. Mtakatifu Martino alitoa nusu ya joho, sembuse mimi na nduma?

Maswali ya kujadili chamani

1. Kwa nini Waitalia wa milimani waliuita mkastanya mti wa mkate?
2. Eleza jinsi kastanya zilivyokaushwa. Linganisha na njia moja ya kuhifadhi chakula inayotumika kwenu.
3. Taja chakula cha nyumbani ambacho umewahi kukionea haya. Muulize nyanya au babu yako kiliwaokoa lini.