Somo: Kumsimamia Mtoto Mbele ya Hakimu

 

Somo letu la leo latoka mbali na pwani. Latoka Nyanza ya Kusini, katika kaunti mbili za Homa Bay na Migori, moja kando ya ziwa na ya pili yafika mpaka wa Tanzania. Ndugu aliyeko Mombasa au Lamu huenda akauliza: huko kwatuhusu nini? Kwanza, tunao huko ndugu zetu wa dini tangu zamani, khasa Kendu Bay, na katika miji ya Migori na Homa Bay yenyewe. Lakini hata lau tusingekuwa nao, huko laonekana waziwazi jambo ambalo kwetu hufichwa nyuma ya milango ya mbao, nalo ni mtoto aliyedhulumiwa na watu wa nyumbani mwake kupelekwa mahakamani bila ya mtu wa kumsimamia.

Homa Bay ni katika kaunti zilizopigwa mno na ukimwi katika nchi ya Kenya, na maradhi hayo yaliwaacha mayatima wengi mikononi mwa bibi zao wazee na ami zao. Wako ami waliowalea kama watoto wao, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Na wako waliotia mkono shambani kabla ya matanga kwisha. Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu cha 45, yasema kuwa kuingilia mali ya maiti bila idhini ya sheria ni kosa la jinai. Lakini yatima wa miaka tisa atakwenda wapi kushtaki, na atakayempeleka ndiye aliyekula? Huko ufuoni nako, katika vijiji vya wavuvi, wako watoto waliotoka shule wakaingia kazi za samaki, na wako wasichana waliopewa mimba wangali na sare za shule.

Migori, katika nchi ya Wakuria, liko jambo la kukeketa wasichana. Baraza lao la wazee, liitwalo inchama, ndilo litoalo ruhusa ya msimu, na msimu huo kwa kawaida huangukia likizo ya Disemba. Mwisho wa mwaka 2020, baada ya shule kufungwa muda mrefu kwa ajili ya korona, wasichana wengi mno walikatwa hadharani. Sheria ya kukataza jambo hilo ilipitishwa mwaka 2011, na adhabu yake haipungui kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi 200,000. Wala tusiwacheke Wakuria. Wako Waislamu katika nchi hii hii wanaolifanya tendo hilo na kulipachika jina la sunna, na hao watakuwa na jawabu gumu zaidi kulitoa.

Sasa tumtazame mtoto huyo siku anapofika mahakamani. Hakimu yuko juu ya kiti chake, karani yuko na jalada lake, askari yuko mlangoni. Mshtakiwa, akiwa na mali, ana wakili wake. Serikali ina kiongozi wa mashtaka, na mbele yake pana rundo la majalada mengine ya siku ile ile. Afisa wa watoto yupo, lakini eneo lake ni kubwa na watoto wake ni wengi. Kila mmoja katika hao ana kazi yake, na hapana hata mmoja ambaye kazi yake ni mtoto huyu peke yake. Baba yake ndiye mshtakiwa. Mama yake amekaa upande wa baba, kwani akirudi nyumbani jioni atakula kwa nani? Mtoto amekaa benchini pamoja na mtu aliyemdhulumu, au na jamaa zake, wakimwangalia.

Kesi huahirishwa. Huahirishwa mara ya pili, na ya tatu. Mtoto akosa nauli ya kutoka kijijini hadi Kehancha au Migori, au tarehe hakuambiwa, au ameondoshwa kwa siri akapelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mpaka. Katikati ya hayo wazee wamekutana, ng'ombe ametolewa, na mambo yamesemwa kuwa yamekwisha. Hakimu hana la kufanya ila kuifuta. Basi mashauri mengi ya namna hii hayafi kwa kukosa ukweli, yafa kwa kukosa nauli na kukosa mtu.

Na tuangalie hila iliyomo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 124, yampa hakimu uwezo katika makosa ya kunajisi kuhukumu kwa neno la mtoto peke yake, endapo ameridhika kuwa mtoto asema kweli na ameandika sababu zake. Wenye kuijua sheria hiyo hawahangaiki kutafuta mashahidi wa uwongo. Wahangaika kumnyamazisha mtoto.

Mahali hapo palipo patupu ndipo anapotakiwa mtu wa kujitolea. Huko Marekani, katika mji wa Seattle, hakimu mmoja wa watoto aitwaye David Soukup aliona mwaka 1976 kuwa awahukumia watoto mambo makubwa ya maisha yao hali hawajui. Akataka raia wa kawaida wafunzwe, kila mmoja apewe mtoto wake, amjue, aende shuleni kwake na nyumbani kwake, kisha aje amwambie hakimu mtoto huyu ahitaji nini. Kazi ikaanza mwaka 1977, ikaenea nchi nzima.

Kenya haina mpango wenye sura ile ile, lakini milango ipo wazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo makuu katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2001, yaruhusu mahakama kuagiza mtoto asiye na wakili apatiwe wa kumwakilisha. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, kifungu cha 31, yaruhusu shahidi dhaifu atoe ushahidi nyuma ya pazia, au kupitia kwa mtu wa kati, au mahakama ikiwa imefungwa. Haki hizo mara nyingi hazitolewi kwa kuwa hapana aliyeziomba. Na serikali, kupitia idara yake ya watoto, hupokea watu wanaojitolea. Mwenye nia aanzie ofisi ya watoto ya mahali pake. Na mwenye kuona jambo la haraka apige simu nambari 116, hailipiwi.

Kwetu sisi tuliosoma vitabu, jambo hili si geni hata kidogo. Katika Minhaj, ambayo wengi wetu tumeifungua darsani, mna mlango wa wakala, na katika wakala mna kumwakilisha mtu katika khusuma, yaani katika mashindano ya mahakamani. Sayyidna Ali amepokewa kuwa alimweka nduguye Akili amsimamie katika mashauri yake, na Akili alipozeeka akamweka Abdallah bin Jaafar. Ikiwa simba wa Mwenyezi Mungu, mwenye ulimi na elimu ile, alitaka mtu wa kumsemea kwa kadhi, mtoto wa Isebania afanyeje? Na Suratun-Nisaa, katika aya ya 127, imetuamuru kuwasimamia mayatima kwa uadilifu. Kusimama si kuhurumia kwa moyo ukiwa umeketi barazani.

Lakini kusimama kuna adabu yake, na hapa ndipo wengi huharibu. Msimamizi si wakili wa sheria wala si hakimu. Asimfunze mtoto maneno ya kusema, hata kama ayaona ni ya kweli, kwani neno lililofunzwa likigunduliwa huangusha na yale ya kweli. Asimhoji mtoto mara kumi kwa kutaka kujua. Mtoto huumia kila asimuliapo. Asikae naye faraghani. Siri ya mtoto si hadithi ya kahawani, na jina lake lisitajwe hata katika dua ya msikitini. Asimchukue mtoto nyumbani kwake kwa huruma bila amri ya mahakama. Amri ikiwapo, na nyumba ikikubalika, basi tunayo kafala, ambayo sheria hiyo ya mwaka 2022 imeitaja kwa jina lake, nayo humlea mtoto bila kumwondolea nasaba ya babake. Kazi yake kubwa ni ndogo ndogo: kujua tarehe, kuhakikisha fomu ya P3 imejazwa na haikupotea, kuwa na nauli na mkate, kumwomba kiongozi wa mashtaka aliombe pazia, kumrudisha mtoto salama, na kuja tena tarehe nyingine. Na akiona kuwa mtoto hakusema kweli, amwambie afisa wa watoto hivyo hivyo. Yeye yuko upande wa mtoto, na upande wa mtoto si lazima uwe upande wa mashtaka.

Baada ya darsa waliuliza masuala, nasi twayaandika pamoja na majawabu.

Suali: Mdhalimu akiwa ni jamaa yangu, je, si bora kumsitiri? Jawabu: Sitara ni ya mtu aliyejidhulumu nafsi yake kisha akatubu. Aliyemdhulumu mtoto, na mtoto yungali nyumbani mwake, kumsitiri huyo ni kumsaidia. Aya ya 135 ya sura hiyo hiyo yatutaka tusimame na haki ingawa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa.

Suali: Mtoto akiwa si Mwislamu? Jawabu: Mtume, kabla ya kupewa utume, alihudhuria nyumbani kwa Abdallah bin Judaan mapatano ya watu wa Makka ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa, na sababu yake ilikuwa mgeni kutoka Yemen aliyenyimwa haki yake ya biashara. Baada ya Uislamu aliyasifu mapatano yale, akasema lau angeitwa tena angeitika. Basi msaidie mtoto wa Kikuria au wa Kijaluo kwa kuwa amedhulumiwa, wala usiifanye shida yake kuwa bei ya kumsilimisha.

Suali: Yafaa mwanamke kufanya kazi hii? Jawabu: Yafaa, na kwa wasichana yeye ndiye aliye bora, kwani kuna mambo ambayo msichana hatamwambia mwanamume, hata akiwa sheikh.

Suali: Je, ni halali kuchukua nauli katika fedha zilizochangwa kwa ajili ya mtoto? Jawabu: Suratun-Nisaa, aya ya 6, imelieleza jambo la msimamizi wa yatima: tajiri ajizuie, na masikini ale kwa kadiri ijulikanayo. Basi mwenye duka lake ajilipie nauli mwenyewe. Asiye na kitu achukue nauli ya matatu ya kwenda na kurudi na chakula cha siku ile, aandike katika daftari, na daftari hilo lisomwe mbele ya watu wawili kila mwisho wa mwezi.