Fungua Sanduku la Kanga Kabla ya Kompyuta

Mdogo wangu, sogea tukae. Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia zimetoka kwa wanafunzi wa usanifu wa michoro, na karibu zote zina kilio kimoja: mwalimu ametoa kazi, zimebaki siku tatu, kichwani hamna kitu. Mmoja wenu ameniandikia kwamba alikesha akipekua Pinterest mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha alikuwa na picha mia mbili alizohifadhi na karatasi nyeupe. Sasa anaamini kipaji hana.

Kipaji unacho, mdogo wangu. Tatizo ni kwamba ulikesha ukisoma majibu ya watu wengine kabla hujalielewa swali lako. Aliyechora ile nembo ya mgahawa wa Stockholm uliyoihifadhi alikuwa na mteja wake, mtaa wake na bei yake ya wino. Wewe umeona kilichobaki mwishoni tu. Hukuona karatasi alizochana njiani, na humo kwenye karatasi zilizochanwa ndimo kazi yetu inamojifunzwa.

Kwa hiyo leo nakupa zoezi ninalowapa wadogo zetu wanaokuja kujifunza kwangu. Omba ruhusa, fungua sanduku la mama au la bibi, toa kanga moja, uitandaze chini yote. Ni kitambaa cha kiasi cha sentimita 150 kwa 110, na umekiona tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni. Sasa kitazame kama fundi. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yale maneno yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Chukua rula. Pindo lina upana gani ukililinganisha na mji? Kona zake zimeungwaje, mchoro umekatika au umegeuka kwa adabu? Hesabu rangi. Utashangaa jinsi zilivyo chache, na bado kanga inaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Kisha chukua kipande cha karatasi ulifunike jina. Utaona kanga nzima imelegea, kana kwamba imepoteza kitu cha kuishikilia. Herufi zile kubwa, zisizo na madoido, zinabeba uzito wa mchoro wote uliozizunguka. Mwalimu wako anapokuambia darasani habari za mpangilio na uwiano, hicho ndicho anachokisema, na bibi yako amekuwa akikichagua dukani miaka yote bila kukiita jina. Fuatilia na historia yake. Pale Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alifungua duka mwaka 1887, na kanga zake zikawa zinatambulika kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye kitambaa chenyewe. Hapo pana somo zima la nembo ya biashara, na limefungwa kiunoni pwani yote.

Sikuambii uchore kanga kila kazi. Nimeona wanafunzi wanaobandika pindo la kanga kwenye tangazo la benki wakidhani wamekuwa wa kwetu, na haipendezi, kwa sababu wamechukua sura wakaacha akili. Akili ya kanga ni fremu iliyo imara, katikati inayopumua, maneno machache yanayosomeka kwa mbali. Hiyo unaweza kuitumia hata kwenye bango lisilo na ua hata moja.

Wewe uliyesema kompyuta ni moja na mnaigombania wanne, nimekusoma, na najua inavyouma kukaa foleni huku siku zinakwisha. Nunua daftari la hesabu lenye miraba. Susan Kare, mama aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianza kwenye daftari la miraba: mraba mmoja ukawa nukta moja ya kioo, 32 kwa 32, akijaza na kuacha mpaka pipa la takataka lifanane na pipa. Alikuwa mtu wa sanaa, hakutoka kwenye uhandisi, na amesema mwenyewe kwamba kazi za vigae na tarizi zilimsaidia kuona. Wewe una mkeka wa ukili sebuleni. Tazama jinsi mwanamke aliyeusuka alivyopata pembetatu na mistari ya mshazari kwa kupishanisha miyaa ya rangi mbili tu. Chora alama kumi kwenye miraba: jembe, bajaji, kikombe cha kahawa, mlango, kibatari. Zamu yako ya kompyuta ikifika utakuwa umeshafikiri, na saa moja itakutosha kwa kazi ya saa nne.

Kuhusu kazi zenyewe. Za chuo nyingi ni za kutunga, kampuni ya majani ya chai ambayo haipo, na uzifanye kwa moyo. Ila tafuta kazi moja ambayo mtu ataishika mkononi. Kwetu ipo kila wiki: kadi ya mchango wa harusi. Wengi mnaidharau, na mimi naiheshimu kuliko nembo ya kampuni ya kutunga, kwa sababu inadai mambo mengi mahali padogo. Majina ya wazazi yakae kwa heshima zao. Majina ya maharusi yaonekane kwanza. Pana nafasi ya kuandika jina la anayepewa kadi, tarehe ya mwisho ya mchango, na namba za simu za kupokelea pesa, pamoja na jina litakalotokea zitakapotumwa. Kila mara nakuta namba hizo zimefinywa chini kwa herufi nyembamba za rangi ya dhahabu juu ya krimu. Mjomba wa miaka sitini atazisomaje jioni, umeme hafifu? Akikosea tarakimu moja, hela imekwenda kwa mtu mwingine na mwekahazina anaanza kupiga simu.

Basi ichapishe kwa printa yoyote, mpe mzee mmoja wa nyumbani aishike umbali wa mkono, umwombe asome namba kwa sauti. Usimsaidie. Halafu itume kwa WhatsApp uitazame kwenye simu ndogo, maana siku hizi kadi nyingi haziguswi kwa mkono kamwe. Rekebisha, rudia. Zoezi hilo moja litakufundisha zaidi kuhusu ukubwa wa herufi na tofauti ya rangi kuliko wiki nzima ya kupekua picha.

Niwaambie na lililonipata, nisije nikawaacha mlipie kosa nililokwisha kulilipia. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kadi 500. Kwenye kioo, bluu yake ilikuwa inawaka. Zilipotoka mtamboni ilikuwa zambarau iliyofifia, na kila kadi ilikuwa na uzi mweupe pembeni mahali kisu kilipopita. Nililia. Nilipunguziwa malipo, na mteja alikuwa na haki. Kioo huchanganya mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Mtambo huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na bluu nyingi za mwanga hazipatikani kwa wino. Panga faili lako kwa rangi za wino tangu mwanzo. Rangi ya pembeni ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, kila upande. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapwa, na nembo ichorwe kwa mistari inayoweza kukuzwa bila kuvunjika. Inkscape inafanya hivyo na ni ya bure. Halafu, tafadhali, nenda ukasimame kwa wapiga chapa asubuhi moja. Salimia, uliza, gusa karatasi za gramu tofauti. Mafundi wa mtambo wanajua mambo ambayo hayamo kwenye slaidi za mwalimu, na ukienda kwa heshima watakuonyesha.

Wapo walioniuliza kama ufinyu wa vifaa utawazuia kufika. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora picha Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli na vipande vya mbao za kubandika dari. Rangi ile ilimpa ule mng'ao, na uchache wake ukampa ujasiri wa kutia rangi tupu bila kuzichanganya sana. Alifariki mwaka 1972, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

La mwisho ni la bei, kwa sababu mabinti hasa mnaniandikia kwa kunong'ona. Mwaka 1971 mwanafunzi wa usanifu wa michoro wa Portland, Marekani, Carolyn Davidson, alichora alama ya Nike akalipwa dola 35. Alikuwa akihesabu kwa saa, dola 2 kila saa. Miaka ilipita, mwaka 1983 kampuni ikampa pete na hisa. Wengi husimulia habari hii wakiishia kwenye zile dola 35. Mimi napenda kwamba alikuwa msichana mwanafunzi, na saa zake alizihesabu. Wewe unaweza kumtajia mteja bei ya jumla, lakini kwanza ujue kazi imekula saa ngapi, la sivyo utasema kiasi cha nauli na chakula cha mchana kwa kazi ya wiki.

Basi ile kadi ya mchango, ikiwa ni ya binamu yako, usiidai hela, ni ya nyumbani. Ila kwenye ukurasa wa mwisho wa lile daftari la miraba andika siku uliyoanza, mara ngapi mzee alikosea namba, na saa zote zilizotumika. Kisha nitumieni nakala, mbaya ya kwanza na ile iliyosomeka. Nataka kuziona zote mbili.