Hisabati ya Kupanga Usafirishaji
Tuseme ghala A na B yana tani 10 za mahindi kila moja. Vijiji X na Y vyahitaji tani 10 kila kimoja. Nauli kwa tani, kwa shilingi, ni: A–X 200, A–Y 300, B–X 400, B–Y 900.

Mwenye haraka huchagua A–X kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Hapo B hulazimika kulisha Y, na jumla huwa 11,000. Tukibadilisha, ni 7,000 tu! Kumnyima A kijiji cha X kunaongeza 100 kwa tani. Kumnyima B kunaongeza 500.

F. L. Hitchcock alichapisha tatizo hili mwaka 1941. Mwaka 1947 George Dantzig alibuni njia ya kukokotoa iwezayo kulitatua hata maghala yakiwa mengi.

Je, B–Y ikishuka hadi 450, mpango upi utafaa?