Pikipiki Kuukuu Mbele ya Mkaguzi

Pikipiki haianguki katika ukaguzi kwa sababu ya umri wake, bali kwa uchakavu ulioachwa bila matengenezo. Kwa mmiliki wa Genkuru, vumbi na changarawe huharakisha kulika kwa mnyororo, breki na matairi. Kabla ya ukaguzi, kanyaga breki huku mwenzako akitazama taa ya nyuma. Pima ulegevu wa mnyororo. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30. Tairi lililokuwa kipara libadilishwe. Ukinunua pikipiki iliyotumika, linganisha namba za fremu na injini na zile za kwenye kadi. Kumbuka: stika huthibitisha hali ya siku ile tu, breki zikaguliwe kila asubuhi, kabla ya kumpakia abiria.